Mashavu Yuko Upande Gani

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya na mwenye ubishi uleule. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti lake limepoa, ila sasa analitumia kama kitambulisho: akiona foleni ndefu anaanza kuchechemea mpaka apishwe. Mdogo wangu kafeli tena mtihani wa udereva. Safari hii anasema mtahini alikuwa na mafua, na kila wakikaribia kona alikuwa anapiga chafya. Tumemwachia maelezo yake.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka, hupokei. Nimerudi kwenye kalamu kama ulivyoagiza, ingawa posta ya huku inakwenda kwa mwendo wa mgonjwa.

Lililonileta ni hili. Pamoja na barua utapokea sanduku. Ndani kuna deki ya sidii, na juu ya deki hiyo wamechomeka vichupa viwili vya kioo, ndugu wa vile vya redio za zamani, vinavyowaka rangi ya chungwa vikipata moto. Bei yake ni nafuu, mtu wa mshahara wa kawaida anaimudu. Bosi wangu anataka kuagiza shehena nzima kwa ajili ya duka. Wenzangu wanasema vichupa ni pambo tu, ndani ni deki kama deki nyingine. Mimi nimeisikiliza kidogo kwenye vurugu za dukani, nikashindwa kukata shauri. Bosi aliponikazia macho nikamwambia kuna mtu mmoja ninayeyaamini masikio yake kuliko yangu, naye ndiye aliyenifundisha kusikiliza.

Basi ifunge kwenye amplifaya yako na yale maspika yako makubwa kama makabati. Weka sidii yetu, ile ya bendi ya ukumbini uliyoirekodi mwenyewe. Usiionee huruma mashine. Kama ni mbovu, sema ni mbovu, nami nitamwambia bosi hivyohivyo.

Mpwa wako,
Kiherehere (nimeshachoka kulikataa jina hili)


2 Machi

Kiherehere, mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mwambie dada yangu hilo goti nalifahamu tangu utotoni. Lilikuwa linauma kila zamu yake ya kuosha vyombo ikifika. Na huyo mdogo wako mnunulieni baiskeli, mtaokoa maisha ya watu.

Simu usihangaike nayo. Inakwaruza, inakata, mtu anaongea kama yuko ndani ya pipa. Wewe andika. Mimi napenda kusoma maneno mara mbili.

Mashine imefika salama. Tuliibeba mimi na mshona viatu, jirani yangu wa mlango wa pili. Alipoona vichupa vinaanza kuwaka akaniuliza kama inaweza pia kuchemsha chai. Nikamwambia hiyo itakuja toleo lijalo.

Nimeihukumu kwa utaratibu wetu. Kile kigoda cha jikoni nimekiweka palepale penye alama ya chaki sakafuni, katikati ya spika mbili. Pazia nimeshusha, kwa sababu macho yanapenda kuingilia kazi ya masikio. Nimeiacha ipate moto kwanza. Vichupa vikiwa baridi sauti inakuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa ghafla. Vikishapata joto mtu huyo anakaa sawa na kuanza kuzungumza vizuri.

Kwa bei hiyo ni mashine nzuri, mwanangu, kuliko nilivyotegemea. Mwimbaji unamsikia anavuta pumzi kabla ya kila ubeti. Besi ina tumbo kidogo, lakini si tumbo la kuaibisha. Matoazi hayakwaruzi sikio kama kwenye zile deki za bei rahisi ulizoniletea zamani. Na Mashavu, mpiga tarumbeta wetu, yuko kulia palepale nilipomweka siku ya kurekodi. Unakumbuka kwa nini alikaa kulia? Kushoto kulikuwa na mlango wa jikoni, na nikimweka kule alikuwa anatoroka katikati ya wimbo akatafute cha kutia mdomoni. Dramu kushoto, Mashavu kulia, mwimbaji katikati. Mashine imewaheshimu wote. Mwambie bosi wako aagize.

Habari nyingine ni ya ukumbini. Umefungwa kwa matengenezo, na safari hii wamenunua mitambo mipya ya sauti, si viraka. Meneja anataka niifunge mimi, kisha niisimamie siku ya ufunguzi mwezi wa nane. Unajua nimeisubiri siku hii tangu nilipoanza kukaa nyuma ya yale makopo yao wanayoyaita mitambo. Sijampa jibu. Nimemwambia kuna kazi ya mpwa wangu naimaliza kwanza, akanitazama kana kwamba nimemwambia namngoja kuku aangue.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena. Barua yako nimeisoma dukani, nikacheka peke yangu mpaka mteja akarudisha redio aliyokuwa ameishika, akadhani naicheka bei. Mama amesema habari ya kuosha vyombo ni uzushi mtupu na atakujibu mkikutana. Mdogo wangu kapewa tarehe nyingine ya mtihani.

Kwanza, kuhusu ukumbi: unangoja nini? Mjomba, hiyo ni kazi yako. Tangu nikiwa mdogo nakusikia ukisema, "Siku wakininunulia mitambo ya maana, watu watalia kwa furaha." Wamekununulia. Waendee uwalize.

Pili, kuhusu mashine. Unakumbuka mchezo wetu? Ulikuwa unaiharibu redio kidogo kwa makusudi, unachomoa waya mmoja au unalegeza kitu, halafu unaniweka mbele yake na kuniambia, "Kuna kosa. Litafute kwa sikio, mkono usiguse." Nikishindwa nalala nimenuna. Sasa ni zamu yangu. Nimezijaribu deki zote za shehena ile ndogo tuliyopokea, na zote zina kosa moja, lilelile. Zimetoka nalo kiwandani. Ninavyokujua umeshaligundua siku ya kwanza na umeninyamazia unitege, ndiyo maana umeandika ulivyoandika. Haya, mimi nimeshalipata. Litaje.

Bosi nimemwambia asubiri kuagiza. Ananuna, lakini anasubiri.

Mpwa wako,
Kiherehere


25 Aprili

Kiherehere,

Marahaba, mwanangu. Samahani kwa kuchelewa. Huku mvua imetushika, na mafundi wa paa ni wale wa ahadi tamu. Ndoo ziko mbili chumbani, moja ya bati na moja ya plastiki, zinapiga muziki wao. Mshona viatu anakusalimu ingawa hamjaonana. Nimemsomea sehemu za barua yako.

Umenishika pabaya na mchezo wako. Niliufundisha mimi, siwezi kulalamika. Nimekaa kwenye kigoda tena na tena. Nimechomoa vichupa vyake nikachomeka vile vya zamani nilivyovihifadhi ndani ya soksi, nione tofauti, na tofauti ipo: vyangu vina utamu zaidi, vyake vina haraka. Lakini hilo si kosa, ni tabia.

Haya ndiyo niliyoyaona. Kuna mvumo mdogo, unausikia nyimbo zikikatika. Kuna ule mlango wa kutolea sidii, unatoka kwa kusuasua kama mtoto anayeitwa akaoge. Na rimoti yake lazima uielekeze sawasawa, ukipinda kidogo inajifanya haikujui. Kosa lako limo kati ya hayo matatu. Mimi naweka shingo yangu kwenye mvumo.

Meneja amekuja mwenyewe mpaka hapa chumbani. Kakaa kitandani, kwa kuwa kigoda nilikataa kukihamisha. Anasema asipopata jibu langu kufikia mwisho wa mwezi wa sita atamchukua mtu mwingine. Nikamwambia nina mchezo na mpwa wangu, ukiisha nitamjibu. Akaona namtania. Wewe nitakwambia ukweli: sikumtania. Nikilipata kosa lako nitajua bado nina masikio ya kazi ile. Nisipolipata, heri nikae nyumbani nizisikilize ndoo.

Basi niambie, nimepatia au sikupatia?

Mjomba wako


9 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Umepatia! Ni mvumo. Nilijua huwezi kushindwa. Nilitamani ningekuwepo nikuone ulivyojivuna.

Huku salama. Mdogo wangu kafaulu mtihani, na mtahini yuleyule wa mafua. Sasa anatembea na funguo za gari ambalo hana. Mama alilia kidogo, halafu akamwambia ampeleke sokoni, naye akakumbuka hakuna gari. Bosi kashaambiwa kuhusu kosa lile, na kiwanda kimeahidi kulirekebisha katika shehena kubwa.

Mjomba, mwendee meneja. Usingoje mwezi uishe. Masikio yako ni yaleyale, umeona mwenyewe. Siku ya ufunguzi nitaomba ruhusa kazini nije, nikae mstari wa mbele niwatambie watu kwamba yule kule nyuma ni mjomba wangu.

Mpwa wako anayekupenda,
Kiherehere


17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema. Mimi ndiye niliyechelewa kuijibu. Hongera kwa mdogo wako. Mpe mkono kwa niaba yangu, na mama yako pia.

Naandika haya kwa kuwa wewe ulinifanya niwe mkweli na nafsi yangu, na nadhani una haki ya kujua. Nimemwandikia meneja barua ya kukataa. Nitampelekea kwa mkono wangu siku ya mwisho ya mwezi, kwa sababu ndiyo siku niliyomwahidi, na pia kwa sababu mkono wenyewe bado unakataa kuinyanyua.

Sikio langu la kulia limekufa. Haikuwa ajali. Mwaka jana niliugua homa, nikaamka asubuhi moja nikadhani nimelalia pamba. Daktari alilichungulia, akapiga vyuma vyake vya kupimia usikivu, akasema ni mshipa na hautarudi. La kushoto akasema ni zima kabisa, zuri kuliko umri wangu. Akanionya pia kwamba mtu mwenye sikio moja hupoteza pande: mlio unatoka huku, yeye anageukia kule. Ni kweli. Spika zilipopiga yowe ukumbini kabla hawajafunga, niliikimbilia ya kulia na kumbe iliyopiga yowe ni ya kushoto, na vijana wa jukwaani wakacheka. Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani sikucheka. Simu haina ubovu wowote, mwanangu. Naiogopa tu, kwa sababu siku moja uliniita mara nne huku nimeishikia kulia, nikadhani imekatika.

Sanduku lako lilipokuja nilijiwekea mtihani. Nilijiambia: hii sidii naijua kuliko sura yangu. Nikikaa kwenye kigoda na kumsikia kila mtu mahali pake, nitaikubali kazi, na sikio hili moja nitalibana mpaka litoshe. Nikakaa. Mwimbaji akaja vizuri. Besi ikaja. Halafu Mashavu akapuliza, akapuliza kushoto. Alikuwa hapa hapa kwenye shavu langu la kushoto, waziwazi, na dramu zilikuwa mbali kule ng'ambo. Nikazima. Nikawasha. Kushoto. Nyaya nikaziangalia, nyekundu kwenye nyekundu, nyeupe kwenye nyeupe. Nikajua ndiyo yale aliyosema daktari, ila yamezidi: si kwamba nimepoteza pande, bali kichwa kimezigeuza. Ningeweza kusogea nikaweka sikio zima kwenye spika moja moja nikapata jibu. Sikuthubutu. Jibu lenyewe ndilo nililokuwa nalikimbia.

Nikakuandikia kwamba Mashavu yuko kulia, kwa sababu ndiko nilikomkalisha mimi mwenyewe.

Kisha ukaniambia kuna kosa. Hujui nilivyofurahi. Nilisema, huenda ndilo hilo, huenda si kichwa changu. Lakini nikaona haya kulitaja, maana kama silo, nimejianika. Nikakutajia yale mengine matatu, nikasema moyoni: akijibu sikupatia, nitapiga moyo konde nimtajie na la nne. Ukajibu nimepatia.

Sikulaumu hata kidogo. Ulinijibu swali nililokuuliza. Mtu anayemsikia Mashavu upande ambao hayupo hawezi kukabidhiwa mitambo ya ukumbi mzima. Mashine yako itaendelea kuwaka, vichupa vinanipendezea chumba.

Mjomba wako


24 Juni, mlangoni kwako

Mjomba,

Nimeandika kwenye karatasi ya kufungia mkate, kalamu nimeazima kwa mshona viatu. Nimebisha, nimeita, nimepiga mlango kwa kiatu. Husikii. Muziki nausikia mpaka barabarani na pazia umeshusha. Mshona viatu anasema ukiwa hivyo hata yeye hungoja wimbo uishe. Mimi siwezi kungoja, karatasi hii naipenyeza kwenye nondo za dirisha ikuangukie mezani. Barua yako nimeipokea jana. Ningekujibu kwa posta ungeisoma ukiwa umeshampa meneja ya kwako, kwa hiyo nimepanda basi.

Mashavu anatoka kushoto. Si kwako tu. Kwangu anatoka kushoto, dukani anatoka kushoto, kwenye kila deki ya shehena ile anatoka kushoto. Hilo ndilo kosa. Kiwandani wamelehemu nyaya za ndani kinyume, ya kulia imekwenda kushoto na ya kushoto imekwenda kulia. Ulimsikia palepale alipokuwa.

Ulipoandika yuko kulia nilidhani umegeuza nyaya kwa nyuma na kunitega. Uliponitajia mvumo na rimoti, na hukumtaja Mashavu, nikaelewa kwamba kuna jambo kwenye masikio yako, nikakumbuka na simu. Nikakaa na barua yako stoo ya dukani nikalia. Uliandika ukishindwa utabaki nyumbani kusikiliza ndoo. Nikaona nikisema hukupatia nimekuua. Nikadanganya. Nilidhani nakusukuma uende ukumbini, kumbe ndiyo nimekufungia mlango. Mjomba, nisamehe, nakuomba. Nilikuonea huruma wakati ulikuwa unahitaji niseme kweli tu.

Usiniamini mimi. Nenda kwenye spika sasa hivi, weka sikio lako la kushoto, moja baada ya nyingine. Ukishamaliza unifungulie mlango, mvua inaanza.

Kiherehere


20 Julai

Mpwa wangu Kiherehere,

Marahaba, na salamu kwa wote hapo nyumbani. Mwambie mama yako viazi alivyonipakilia kwenye mkoba wako vimekwisha, na mshona viatu amevisaidia kuisha. Mdogo wako mwambie nimesikia anaendesha gari la mkate. Nitakuwa nasali kila asubuhi kwa ajili ya mkate.

Ulipokuwa hapa hatukuzungumza mengi. Wewe ulikuwa unalia, mimi nilikuwa natafuta bisibisi. Ndiyo maana naandika.

La kwanza ni kwamba bado nina hasira nawe. Imepungua, lakini nikikaa peke yangu inarudi. Tangu mwezi wa pili mpaka wa sita nililala na kuamka nikidhani akili inanitoka. Nilianza kuangalia mara mbili kama nimefunga bomba. Nilipokuwa nikivuka barabara nilijishika mkono mwenyewe kama mtoto. Nusu ya hayo nilijitakia kwa kukudanganya kwanza. Nusu nyingine ni ya lile neno lako moja, "umepatia." Nakupenda kuliko ninavyoweza kuandika, na najua ulilisema kwa mapenzi. Lakini liliniuma kuliko vyuma vya daktari.

La pili ni ukumbi. Barua ya kukataa niliichana mbele yako, hilo unalijua. Usilolijua ni nilichofanya ulipoondoka. Nilikwenda kwa meneja, nikamwambia, "Nina sikio moja." Akasema, "Unatania tena." Nikamwambia apige makofi nyuma yangu akizungukazunguka, nami ninyooshe kidole. Alipiga makofi, nikanyoosha kidole kwenye ndoo za rangi, ukutani, kwenye choo cha wanawake, kila mahali isipokuwa alipo. Mafundi wa dari waliacha kazi wakatutazama. Nikamwambia, "Hilo ndilo siliwezi. Mengine yote nayaweza kuliko mtu yeyote utakayemleta. Nipe mtu mwenye masikio mawili asimame kando yangu aseme kulia au kushoto, na sitaona haya kumuuliza."

Kisha akaniuliza kwa nini nimemweleza, wakati angenipa kazi bila kujua. Nikamjibu kwamba nimechoka kuhurumiwa na watu wanaojua na hawaniambii, nikaona afadhali nianze mimi kusema. Kazi amenipa. Msaidizi ni yule fundi wa umeme wa ukumbini, mama mmoja mwenye sauti ya mtangazaji wa mechi. Akisema "kushoto!" hata sikio langu lililokufa nadhani linashtuka. Jana tulifunga spika za kwanza. Nilipoziwasha nilisikia ukumbi mzima unavuta pumzi, nikalazimika kwenda nje kidogo.

La tatu ni deni langu la hukumu. Ile ya Machi ifute, haikuwa hukumu, ilikuwa hofu. Hii ndiyo yenyewe, unaweza kumpa bosi wako.

Tulipoifungua mashine, nyaya zilikuwa zimelehemiwa kinyume, kama ulivyosema, na kulehemu kwenyewe ni kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Nimezigeuza. Anayeuza mashine hii azifungue zote aziangalie, asiamini ahadi ya kiwanda. Baada ya hapo, ni mashine ya mtu anayerudi kazini amechoka, anavua viatu na anataka mtu amwimbie. Sauti za watu inazitoa vizuri sana, na tarumbeta halichomi. Mwenye kutaka kutikisa madirisha akanunue kitu kingine, besi yake ni nene na ina uvivu. Mvumo upo, kidogo, na spika zikiwa nzuri utausikia. Vichupa si pambo, vinafanya kazi, ila vile walivyotia ni vya kawaida; mwenye vya zamani abadilishe ataona. Ipewe nusu saa ipate moto kabla mtu hajaitukana. Kwa bei yake sijaona inayoishinda, na nimesikia nyingi.

Kuhusu mpangilio, nani yuko kulia, nani kushoto, nani nyuma, kama unaweza kufumba macho ukamwonyesha kila mpigaji kwa kidole, sijaandika kitu. Siwezi kujua tena, na sitakisia. Nimeacha nafasi. Kaa kwenye kigoda chako, sikiliza, uandike wewe. Andika unachosikia, hata kama unadhani kitaniuma, nami nitaweka sahihi yangu chini yake.

Mjomba wako